Wufa ya Wati Elfu Kumi Haipo, Wasee

Kijana wa pwani akihama kwao, vitu vinafuatana hivi: godoro, jiko la gesi, wufa. Kitanda baadaye. Viti, Mungu akipenda. Na mimi sikatai, keja bila mziki ni stoo. Shida yangu ni vile tunavyochagua. Tunaingia dukani Malindi mjini, tunaangalia boksi gani lina wati nyingi, tunauliza "inagonga?", tunatuma M-Pesa. Kwisha.

Tuanze na hizo wati. Boksi limeandikwa 10,000W PMPO. Sasa plagi yako ni ya ampia 13, na stima yetu ni volti 240. Zidisha: 3,120. Yaani soketi yenyewe haifiki hata thuluthi ya hizo wati. Zilizobaki wufa inazitoa wapi, baharini? PMPO haina kipimo kimoja kinachokubaliwa na wote, kila kiwanda kinajipigia hesabu zake. Namba ya kuuliza ni RMS, nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo. Usipoiona, geuza wufa usome mgongoni inakula wati ngapi za stima. Ikiwa ni 60, basi haiwezi kukutolea zaidi ya 60 mfululizo, hata uiombe vipi. Na usizidharau. Wati 40 za kweli kwa chumba cha futi kumi kwa kumi zinatosha kumleta keateka mlangoni.

Halafu kuna ndoto ya 5.1, spika tano na wufa. Kwenye 5.1, spika ya katikati ndiyo hubeba maneno mengi ya waigizaji, na za nyuma ni za mazingira: mvua, helikopta, kelele za umati. Lakini lazima sauti iwe imetengenezwa hivyo. Video nyingi za YouTube ni stereo, pande mbili tu. Ukizicheza kwa spika tano, zile za nyuma ama zinanyamaza ama zinarudia zile zile za mbele. Na ukigawa bajeti ndogo kwa spika tano, kila moja inapata masazo. Kama hauna pesa nyingi, chukua 2.1: spika mbili za maana na wufa yake.

Mimi nilikuwa na elfu nane, jasho la kuhariri video za harusi. Kwetu Muyeye watazamaji ni wawili, mimi na nyanya, na nyanya hana haja na helikopta. Anataka maneno. Hizi TV nyembamba spika zake huwa chini au mgongoni, sauti inaongea na ukuta. Kila dakika ananiuliza, "Kasemaje huyo?" Muvi nzima mimi ni mkalimani wa Kiswahili kwa Kiswahili.

Kwa hivyo nilienda dukani na vitu viwili kwa simu: klipu ya mtu anaongea polepole, na wimbo wa bango wenye saksofoni. Muuzaji alitaka kunipigia besi. Nikamwambia, kaka, shusha besi yote kwanza. Kati ya wufa tatu, ile ndogo kabisa ndiyo ilitamka maneno. Nikabeba hiyo na chenji ikabaki. Mabeshte waliicheka saizi yake. Nyanya siku hizi anacheka kabla yangu.

Kabla hujatoka nyumbani, piga picha mgongo wa TV yako ujue ina matundu gani: HDMI yenye neno ARC, au ya earphone tu. Wufa na TV zisipokuwa na tundu linaloelewana, utanunua waya mara mbili.

Ukishafika nayo, kumbuka nyumba zetu. Kuta za mawe ya matumbawe, sakafu ya simenti, sauti inadunda kila upande. Tandika mkeka, weka pazia zito, utasikia tofauti bila kuongeza shilingi. Wufa usiisukume konani, kona inavimbisha besi mpaka inameza maneno. Na hewa yetu ya chumvi inashika matundu ya waya kutu, kwa hivyo ukiizima na ikapoa, ifunike leso.

Najua kuna msee atasema wufa bila kutetemesha dirisha si wufa. Sawa, lakini fikiria hivi: besi hupita ukutani, maneno hubaki ndani. Ukinunua mtetemo peke yake, mwenye kufaidi au kuteseka ni jirani. Pesa ni zako, nunua sauti ya kwako.