Kibla Kimoja, Vyungu Vingi

Si mara moja tumeona nyumba ikiingiwa na fitina kwa sababu ya chungu. Bibi arusi ametoka mji mwingine, amepika kama alivyofunzwa na mamake, na mawifi wakasema: "Huku kwetu hakupikwi hivi." Neno ni fupi, lakini uchungu wake hukaa.

Na tuwatazame ndugu zetu wa Indonesia, nchi ya visiwa zaidi ya 17,000, ambayo wengi wa watu wake ni Waislamu. Wote huelekea kibla kimoja, wala hawali chakula kimoja.

Waminangkabau wa Sumatra Magharibi hupika rendang: nyama ya ng'ombe kwa tui la nazi, pilipili na viungo, ikakaa motoni saa nyingi hata tui likauke na nyama iwe nyeusi. Haiharibiki upesi, nayo huwafaa vijana wao, ambao ni ada yao kusafiri kutafuta riziki. Kule Yogyakarta, katika kisiwa cha Java, watu hupenda utamu. Gudeg yao ni fenesi changa lililopikwa polepole kwa tui na sukari ya mnazi. Ukenda mashariki hadi Maluku, asili ya karafuu hizi za Unguja, utakuta papeda, uji mzito wa wanga utokao ndani ya shina la msago, ukiliwa kwa mchuzi wa samaki wenye manjano.

Ifikapo Idi, wengi wao husuka makuti machanga, wakatia mchele ndani na kuutokosa. Hiyo ndiyo ketupat. Mjava huila kwa kuku wa tui asiye mkali, na Mminangkabau kwa mchuzi wa pilipili. Idi ni ile ile, na hakuna aliyepungukiwa na dini kwa kitoweo chake.

Mtume wetu (s.a.w.) hakuwa akikitia chakula ila: akikitamani hula, asipokitamani hukiacha. Basi nasi waume tuletewapo sinia, tushukuru kabla ya kulinganisha. Nanyi kina mama wakwe, mwacheni mke wa mwana apike cha kwao, kisha mwambieni awafunze. Hapo nyumba itakuwa imepata chakula cha pili na binti wa pili.

Mwenyezi Mungu atie baraka katika vyungu vyetu na ndimi zetu. Amin.