Tulimsindikiza Mwenzetu Mahakamani

Tunaandika haya tukiwa wanawake saba wa kikundi kimoja cha maombi hapa Tanzania. Tulisita kwa muda mrefu, maana neno talaka si la kutamkwa kwa wepesi miongoni mwetu. Tumefunga ndoa kanisani, na tunaamini ndoa ni agano la maisha. Lakini yaliyompata mwenzetu mmoja yametufundisha kwamba kumshauri mtu bila kujua ni kumpoteza.

Mwenzetu aliachwa na watoto wanne. Mume alihamia mji mwingine, akaanza maisha na mwanamke mwingine. Sisi tulimwambia avumilie, mvumilivu hula mbivu. Tulifunga na kuomba pamoja naye. Ukapita mwaka wa kwanza, wa pili, hata wa nne. Ndipo mume akaja siku moja, akasema kwa upole: "Mama watoto, mimi sirudi. Nenda kaombe talaka, sitapinga. Ila nyumba ni yangu." Akamwachia karatasi ya kutia sahihi, kwamba hadai chochote.

Tunaona aibu kukiri kwamba baadhi yetu tulimhimiza atie sahihi. Tulimwambia, "Nunua amani yako, nyumba Mungu atakupa nyingine." Akatutazama, akasema: "Matofali ya nyumba ile niliyafyatua nikiwa na mimba, na mabati yametokana na maandazi." Tukanyamaza. Tangu siku ile tuliacha kumshauri, tukaanza kumsindikiza.

Fedha za wakili hakuwa nazo. Tukaenda Mahakama ya Mwanzo kuuliza. Karani alitueleza kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu shauri la talaka kufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Mtu anaweza kusimama mwenyewe na kueleza habari zake kwa Kiswahili. Ila hawezi kuanzia pale. Lazima kwanza mgogoro upelekwe kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa.

Hapo tulijikwaa. Tulidhani wazee wa kanisa wanatosha, kwa kuwa walikwisha kuwakalisha wote wawili. Wakatuandikia barua nzuri yenye mhuri. Mahakama ikairudisha. Wazee wale hawakuwa Baraza lililoundwa kisheria, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Mwenzetu alilia njiani. Tukaanza upya katika Baraza la kata. Mume aliitwa, akaja. Wajumbe walijitahidi kweli kuwapatanisha, na sisi nje tuliomba wafaulu. Hawakufaulu. Wakatoa hati ya kuonyesha wameshindwa. Akina mama, hati hiyo haikai kabatini. Maombi ya talaka yanatakiwa kufunguliwa kabla haijatimiza miezi sita.

Siku ya shauri mume alisimama akasema hapingi. Tulidhani mambo yamekwisha. Kumbe sheria haivunji ndoa kwa sababu tu wawili wamekubaliana. Hakimu lazima aridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Miongoni mwa mambo anayoyaangalia ni uzinzi, ukatili, kutelekezwa kwa makusudi, na kutengana kwa miaka isiyopungua mitatu. Kwa hiyo mwenzetu alitoa ushahidi wake, na mmoja wetu akawa shahidi. Alikuwa amebeba cheti cha ndoa, hati ya Baraza, na daftari kuukuu aliloandikia mabati, misumari na mifuko ya saruji.

Daftari lile lilisema kuliko sisi sote. Msaidizi wa kisheria mmoja alikuwa ametueleza mapema kwamba mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliamua kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Kupika, kufua na kulea si bure mbele ya sheria. Ni wangapi kati yetu tulilijua hilo? Tulikuwa tukijiita "mama wa nyumbani tu."

Ndoa ilivunjwa. Watoto walibaki na mama, na baba akaamriwa kuwatunza, kwa kuwa wajibu huo hauondoki hata watoto wasipokaa naye. Mwenzetu alipewa nyumba, mume akabaki na shamba. Walielezwa kwamba asiyeridhika ana haki ya kukata rufaa. Hakuna aliyekata.

Hatukupiga vigelegele. Tulirudi kwa miguu tukiwa kimya, kama watu watokao mazishini. Mwenzetu akasema, "Leo nimezika ndoa yangu, lakini watoto watalala kwao." Jumapili iliyofuata aliogopa kuja ibadani. Tulimpitia asubuhi, tukakaa naye benchi moja, yeye katikati.

Wapendwa, hatuandiki haya ili mtu yeyote akimbilie mahakamani. Penye nafasi ya kupatana, patana, na uombe bila kuchoka. Lakini ukiletewa karatasi, usitie sahihi usilolielewa. Tunza cheti chako cha ndoa na stakabadhi zako. Ukikwama, watafute wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, nao hawatozi ada. Na wewe ambaye nyumba yako ina amani, kabla hujamwambia mwenzako "vumilia", mwulize kwanza amekula nini leo.