Fedha za Msimu Mmoja

Fedha ambazo serikali huzipa shule mara moja tu ni kama mvua ya vuli. Mkulima mwenye busara hapandi kwa mvua hiyo mmea unaotaka maji mwaka mzima.

Mei 2020, shule zote za Kenya zikiwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mpango wa kuuinua uchumi. Wizara ya Elimu ilitengewa shilingi bilioni 6.5 za kuajiri walimu 10,000 na wanagenzi 1,000 wa kompyuta. Yalikusudiwa pia kununuliwa madawati 250,000 ya mafundi wa humu nchini.

Hapo pana hesabu ya kufikiriwa. Dawati hulipiwa mara moja, nalo likiwa imara humkalisha mtoto baada ya mtoto. Mwalimu hulipwa kila mwezi. Huko Marekani serikali kuu ilizipa shule kiasi cha dola bilioni 190 katika miaka ya 2020 na 2021. Muda wa kuzipangia matumizi zile za mwisho ulikoma Septemba 2024, na wilaya kadhaa zilizokuwa zimeajiri kwa fedha hizo zilianza kupunguza watu. Basi tununue mbao, tuache walimu? Hasha! Dawati halijapata kumfundisha mtu hesabu za sehemu.

Shuleni kwetu alikuja mwalimu kijana wa mkataba, mwembamba kama ufito, mwenye sauti ya kuishinda kengele. Kila Ijumaa jioni aliketi nasi walimu wa kudumu, akatuonyesha namna ya kulichunguza kosa la mwanafunzi hata kuona mahali fikira ilipopotoka, badala ya kulitia alama nyekundu na kulipita. Mkataba ulipokwisha aliondoka. Wanafunzi walisikitika, nami nilikasirika, maana hakuna aliyekuwa amefikiri mapema ni nani angeshika nafasi yake. Lakini ustadi ule haukuondoka naye. Tunautumia mpaka leo.

Kwa sababu hiyo mimi siulizi kama fedha zinunue vitu au zilipe watu. Nauliza zikikoma kitabaki nini, na nani atakitunza. Kompyuta isiyo na umeme wala fundi ni deni lililofunikwa kitambaa. Shule yetu ikipata tena fungu kama hilo, nitaomba sehemu yake ilipe nauli na chakula cha walimu watakaofundishana wakati wa likizo, na iliyobaki iezeke paa la darasa linalovuja.