Aliyezikwa Alasiri, Aliyesubiriwa

Basi la Tanga kwenda Moshi hupita kwanza kwenye mashamba ya mkonge ya Muheza na Korogwe, kisha huambaa na milima ya Upare mpaka Same na Mwanga. Nilikuwa naenda kumzika bibi wa wifi yangu, Marangu. Arobaini ya bibi yangu mwenyewe, mzaa mama, ilikuwa haijafika, kwa hiyo kila nilichokiona kule nilikipima na cha nyumbani.

Kwetu maiti hasubiri. Bibi, aliyeniita mke mwenza tangu sijaanza kutembea, alikata roho alfajiri, na baada ya sala ya alasiri alikuwa kaburini. Mimi nilikuwa Dodoma. Nilifika usiku, nikakuta godoro lake limeshakunjwa na chumba kinanukia ubani. Wazee walinituliza kwa neno moja: ameshastiriwa. Hata ningewahi, kwetu wanawake hatuendi makaburini siku ya maziko. Ningeishia kuliona jeneza likitoka mlangoni mabegani mwa wanaume.

Marangu walimsubiri. Mwili ulikaa mochwari zaidi ya wiki ili wajukuu walioko Marekani wafike. Siku yenyewe jeneza likafunguliwa, tukapita mmoja mmoja kumuaga. Mjukuu mmoja akasoma wasifu wa marehemu: alikozaliwa, alipobatizwa, alivyoolewa, alivyougua. Alipofika kwenye watoto, wajukuu na vitukuu, kila kundi lilisimama likaonekana. Kisha akazikwa palepale kihambani, chini ya migomba, ubavuni mwa mumewe, hatua chache kutoka jikoni alikopikia maisha yake yote. Pembeni pameota masale, mmea uleule ambao Wachaga huupanda mipakani na kumpelekea mtu wanapomwomba msamaha.

Kesho yake asubuhi, nikiwa na bakuli la mtori, niliwaona watoto wameketi kando ya udongo mbichi wa kaburi wakitafuna miwa, na hakuna mtu mzima aliyewafukuza. Nasema kweli, niliona wivu. Watoto wale hawatahitaji kuoneshwa bibi yao alipolala. Na Desemba, Wachaga wanapopanda mlimani kwa wingi kula Krismasi, walio mbali nao watamkuta uani.

Lakini kuna jambo la kwetu ambalo sikuliona Marangu. Siku ya hitma tuligawiwa juzuu, vile vijitabu 30 vya Kurani, kila mtu na chake, ili msahafu wote ukhitimiwe kwa kikao kimoja na thawabu zake aombewe marehemu. Aliyeketi karibu yangu alikuwa mama anayeuza samaki mtaani, hana undugu wowote na sisi. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, midomo ikitetemeka kila anapofika kwenye shada. Wengine walimaliza, wakafunika vitabu. Wali ulikuwa umeshaiva, harufu ya pilau imejaa ukumbini. Hakuna aliyemharakisha wala kumpokea kitabu. Tulikaa kimya mpaka akafika mwisho, ndipo dua ikaanza. Marangu majirani walikuja kumuaga bibi yao kwa heshima kubwa; Tanga, mama yule alikuja kumfanyia Bibi kazi, na aliifanya yote.

Baadaye nilifika Muscat, Oman, kwa bibi mdogo, mdogo wake Bibi. Aliolewa Unguja na Mmanga, wakaondoka baada ya mapinduzi ya 1964, na Sultan Qaboos alipoingia madarakani 1970 na kuwaita Waomani walioko nje, wakahamia huko. Habari ya msiba ilipomfikia alikaa tanga lake siku tatu kwa kahawa ya iliki na tende, akipewa pole kwa Kiswahili na wanawake ambao wengi wao hawajaikanyaga Tanga.

Hakutaka kuelezwa maziko. Aliuliza kama dada yake alikufa na meno yake, na kama aliacha tambuu. Kisha akaanza kucheka peke yake, akanisimulia siku walipotoroka chuoni wakaenda kuogelea Raskazone, wakarudi na mabuibui yanachuruzika maji ya chumvi, na Bibi akamwapia mwalimu kwamba wamenyeshewa, ilhali jua linawaka. Bibi hakuwahi kunisimulia hilo. Nikamwomba bibi mdogo aanze tena tangu walipotoka chuoni, safari hii polepole, niandike.