Kutoka Newala Kwenda Kivu

Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mto. Mvua ikinyesha mchanga unaimeza yote, na maji yanakuja kuchomoza chini kabisa, kwenye miteremko ya ukingo. Kabla ya mabomba, akina mama wa Newala walishuka mabondeni na vyombo vyao, wakapanda navyo kichwani. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alikaa Masasi na Newala akikusanya habari za watu wa kusini, na katika kitabu chake aliandika simulizi aliyopewa: Wamakonde wa mwanzo walizaa wafu kule chini, karibu na Ruvuma, mpaka walipohamia juu ndipo mtoto akaishi. Tangu hapo wazee wakausia watoto wajenge mbali na mabonde na maji makubwa.

Mimi ni mzaliwa wa usia huo. Na Agosti 2022 nilikuwa najiandaa kwenda Rubavu, Rwanda, kwenye triathloni ya Ironman 70.3, ya kwanza kufanyika nchini humo: kuogelea kilomita 1.9 katika Ziwa Kivu, kuendesha baiskeli kilomita 90, kisha kukimbia kilomita 21.1, bila kulala katikati wala kupanda gari.

Kwa miguu sikuwa na wasiwasi. Nani anayekulia kati ya Masasi na Newala akakosa miguu? Wiki ile ya mwisho mazoezi yalipungua, lakini sikuweza kuacha kupanda. Nilitoka Masasi alfajiri, milima ya mawe ikiwa bado myeusi nyuma yangu, nikashika barabara ya vumbi ya Newala kwa baiskeli ya zamani yenye matairi mapana. Ile ya mashindano niliitunza kwa lami ya Ndanda. Kipupwe kilikuwa hakijaisha. Mikorosho ilikuwa imechanua, na njia nzima wakulima walikuwa mashambani na mashine mgongoni wakipuliza salfa dhidi ya ubwiri unga. Unga ule ukikufika kooni unakohoa hadi machozi, kwa hiyo kila niliposikia mngurumo nilishuka, nikasubiri upepo ugeuke. Sikulalamika. Maua yale ndiyo ada ya shule ya watoto wa wilaya nzima.

Newala nilifika kwa bibi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanitazama vumbi lililonijaa mpaka kope, ndipo akauliza kama ni kweli naenda kuogelea ziwani kwa watu.

"Kweli, bibi."

"Mjukuu wangu, sisi tulishuka kufuata maji ya kunywa. Ukishajaza, unapanda. Hukai humo."

Hakunizuia. Alinipikia ming'oko, viazi vyetu vya porini, akanifungia mingine ya njiani pamoja na korosho za kukaanga. Jioni nilikwenda Shimo la Mungu, pale ukingo unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma linafunguka chini hadi Msumbiji. Mto ule una mamba na viboko. Hakuna mwenye akili anayejifunzia kuogelea humo. Mimi nilijifunzia Mtwara, baharini, nikiwa mtu mzima, kwa msaada wa wavuvi walionisindikiza na mtumbwi. Kanuni ya mashindano inampa mtu saa 1 na dakika 10 kutoka majini. Akizidisha hapo, baiskeli haigusi. Namba hiyo nililala nayo na kuamka nayo.

Safari yenyewe ilikuwa ndefu. Niliifungua baiskeli ya mashindano vipande vipande, nikavifunga kwa kanga ndani ya boksi, na kondakta wa basi la Dar es Salaam akaniuliza mara mbili kama ni jokofu. Tulivuka Rufiji juu ya daraja lenye jina la rais wa zamani Mkapa, mtoto wa Masasi, na nilijisikia nimesindikizwa na mtu wa kwetu.

Kilichonisumbua Rwanda ni barabara. Kule watu wanaendesha kulia. Mwili uliozoea kushoto unarudi kushoto wenyewe, hasa kwenye kona na baada ya kuchoka, na hilo kwa mwendo wa mteremko wa Rubavu si la kuchezea. Siku mbili kabla ya mashindano nilizunguka mji polepole nikijisemea kwa sauti kila njia panda: kulia, kulia. Vijana wa bodaboda walinipigia honi za kunitia moyo.

Halafu ziwa. Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yake hayana chumvi ya kukubeba kama Mtwara. Nilipojinyoosha mara ya kwanza, miguu ilizama na pumzi ikawa fupi. Nikasimama, nikamkumbuka mvuvi mmoja aliyekuwa akinipigia kelele nikandamize kifua, nikikaza shingo ndipo nazama. Nikakandamiza. Miguu ikapanda. Niliogelea hadi boya la kwanza na kurudi, nikarudia tena, mpaka mwili ulipoelewa maji hayo si ya bahari.

Jumamosi tulikabidhi baiskeli. Niliijaza upepo, nikabandika namba, nikafunga ming'oko ya bibi kwenye mfuko chini ya usukani, mahali mkono utakapofika bila kutazama. Jumapili alfajiri nilivaa kofia ya kuogelea, nikaenda kujipanga na wenzangu ufukweni.