Kumcha Mungu na Mali ya Ardhi

Katika nchi yetu ya Matambarale habari za mali haziishi. Msimu wa korosho ukifika, mazungumzo ni bei ya mnada. Na siku hizi ardhi yetu yachimbwa kinywe, ambacho mataifa wanakitafuta sana kwa ajili ya betri za magari. Basi vijana hutuuliza sisi walimu: “Mtu akiisha kupata fedha, kumcha Mungu kutamwongezea nini?” Swali hili si la kudharauliwa. Twapenda kulijibu kwa mambo mawili yaliyotokea katika nchi za kwetu.

Jambo la kwanza ni kazi ya karanga. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza kazi hiyo katika Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya mahali palipochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Ilikusudiwa kulima zaidi ya ekari milioni 3. Mitambo ikaletwa, misitu ikang’olewa, reli ikajengwa toka pwani hata Nachingwea. Lakini udongo na mvua havikuchunguzwa vema kwanza, na mazao yakawa haba. Mwanzoni mwa mwaka 1951 shauri lile likaachwa, zikiwa zimepotea paundi zipatazo milioni 36. Katika miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Hatusemi kwamba yote yalikuwa bure, maana bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo, ingali yapakia korosho zetu. Lakini karanga zilipokosekana, waliozifuata wakaenda zao.

Jambo la pili ni la zamani zaidi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa utumwani, akawaweka Masasi. Hawakuwa na mitambo wala reli. Tena mwaka 1882 Wagwangwara wakawashambulia. Nyumba zikachomwa, na watu wengine wakachukuliwa mateka. Hata hivyo kazi ikaanza tena, na mwaka 1926 Masasi ikawa na askofu wake mwenyewe. Kanisa hilo lingaliko hata leo.

Tuangalie vema. Hasara iliwapata wote, wenye karanga na wenye kusali. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kutuambia kwamba amchaye Mungu hapatwi na msiba, Masasi iliungua. Tofauti ilionekana baada ya hasara. Aliyeishi kwa ajili ya karanga, karanga zikiisha, hana neno la kumkalisha. Lakini aliyeishi kwa ajili ya Mungu, nyumba yake ikiwa majivu, lile alilokuwa akiliishia halikuungua.

Wala hatusemi kwamba mali ni uchafu. Mtoto wetu shuleni aandikapo kwa kalamu ya risasi, kwa kweli haandiki kwa risasi. Ndani ya mti ule mna kinywe. Kinywe kile kile chaweza kuandika hesabu ya haki au hesabu ya udanganyifu, chenyewe hakijui. Mkono ndio ujuao, na mkono huongozwa na moyo. Kumcha Mungu si kutetemeka kama mtumwa mbele ya bwana mkali. Ni kujua kwamba yuko aliye juu yetu, na kwamba siku moja tutamtolea hesabu ya vyote tulivyoshika. Tajiri yule wa Injili hakukosa kwa kuwa alivuna sana. Alikosa kwa kuwa alikusudia kujenga ghala kubwa na kuzungumza na nafsi yake peke yake, asimkumbuke Mungu wala jirani.

Basi, ndugu zetu, fedha za korosho zikiingia nyumbani, mume na mke wakae pamoja, wasali, ndipo wazihesabu. Waulizane: je, karo na madaftari ya watoto yamepatikana? Je, mjane aliye jirani yetu amekula? Je, deni limelipwa? Nyumba iulizayo hivyo imekwisha kupata maana ya mali yake, hata ikiwa kidogo. Na bei ikianguka mwakani, nyumba hiyo haitaanguka pamoja nayo.