Mitungi ya Ubavuni

Katika ukurasa huu tumezoea kusoma habari za mapishi, malezi na mishono. Leo naomba nafasi nieleze habari za vazi moja ambalo, ingawa kazi yake ni chini ya maji, lilipata kunikaa sawasawa juu ya meza ya cherehani nyumbani kwangu Buyenzi.

Mimi ni mtumishi wa serikali, umri wangu miaka 36. Nilipata cheti cha ualimu, nikafundisha shule ya msingi kwa miaka sita, kisha nikahamishiwa ofisi inayoshughulika na mambo ya uvuvi hapa Bujumbura. Miongoni mwa kazi zetu ni kuhesabu samaki waishio katika mawe ya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Samaki hao hawahesabiki kwa wavu. Wengine hulea watoto wao kinywani, wengine hukaa ndani ya makombe ya konokono, na kuhe mkubwa hulinda vifaranga vyake kama mama kuku. Atakaye kuwajua hana budi kuwafuata waliko.

Mzamiaji wa kawaida hubeba mtungi wa hewa mgongoni. Mtungi wa aluminiamu wa lita 11, ukishajazwa, una uzito wa kilo 17 hivi, na nchi kavu uzito huo wote hukaa juu ya uti wa mgongo. Siku moja nilipokuwa nikipanda mtumbwini na mtungi wangu, nilisikia kitu kikikatika kiunoni kama kamba kavu. Nililala majuma matatu. Daktari aliyenitibu hakuwa na maneno mengi: kubeba mzigo mgongoni, basi. Nami nilijiona nimerudi kwenye kiti cha ofisini mpaka siku ya kustaafu.

Hapo ndipo niliposikia habari za mitungi ya ubavuni. Namna hii haikubuniwa kwa ajili ya watu wenye migongo mibovu. Asili yake ni wapekuzi wa mapango wa Uingereza, ambao katika miaka ya 1960 walikuta njia zao zimejaa maji na mianya ya kupita ni myembamba hata mtu mwenye mtungi mgongoni angekwama. Wakaufunga mtungi ubavuni. Baadaye wazamiaji wa mapango ya Florida, Marekani, na wale wa Yucatán kule Meksiko wakaiendeleza, na siku hizi hata mtu asiyependa mapango huitumia. Kwangu mimi faida ilikuwa moja kubwa: mitungi huingizwa majini mmoja mmoja kwa mkono, na mzamiaji huivaa akiwa ameshaelea. Nilipopata likizo nikasafiri hadi Unguja, nikajifunza kwa mzamiaji mmoja wa huko, mtu mpole ambaye kila nilipokosea alisema tu, "Anza tena, mwalimu."

Vazi lenyewe ni kanda za nailoni zenye upana wa sentimita 5: mbili za mabegani, moja ya kiunoni yenye bizimu, na moja ipitayo kati ya miguu. Mgongoni hukaa mfuko wa kutia hewa, wa kumwezesha mtu kuelea, na vipande vya risasi vya kumzamisha. Kila mtungi hushikwa mahali pawili. Chini, ukanda uliokazwa kuuzunguka mtungi una kikulabu cha chuma kinachofungwa kwenye pete iliyo kiunoni. Juu, shingo ya mtungi hushikwa na kamba ya mpira itokayo mgongoni na kupita chini ya kwapa. Kamba hiyo haina fahari yoyote, lakini ndiyo yenye kazi. Ikilegea, mtungi huning'inia tumboni kama kiwele cha ng'ombe. Ikikaza kupita kiasi, mtu hawezi hata kuinua mkono.

Kila mtungi una kipumulio chake na saa yake ya kupimia hewa. Kipumulio cha mtungi wa kushoto kina bomba fupi, nacho hufungwa kwa mpira kama mkufu, kikae chini ya kidevu. Cha kulia kina bomba refu la mita 2, ili aweze kupewa mwenzako akiishiwa, nacho kisipotumika hufungwa katika pete ya bega la kulia. Kwa kuwa mitungi haikuunganishwa, hapana budi kubadilisha kipumulio kila mara. Mimi hubadilisha kila mgandamizo upunguapo baa 40. Asiyefanya hivyo atabaki na mtungi mmoja mzito na mmoja mwepesi, aegemee upande mmoja kama mtumbwi uliopakiwa vibaya, na zaidi ya hayo atakuwa amejinyima hewa ya akiba upande mmoja.

Mwalimu wangu alinifungia kila kitu kule Unguja. Tulikuwa tukikaa majini kwa saa nyingi, kwa hiyo nilivaa vazi nene la mpira, la milimita 5. Nilirudi Bujumbura na vazi langu katika gunia, nimejaa furaha, wala sikulegeza wala kukaza kitu. Mafundo yalikuwa yamefungwa na bingwa. Mimi ni nani niyafungue?

Siku ya kwanza ziwani tulikwenda mbali, upande wa Rumonge, kwa kuwa karibu na mdomo wa mto Rusizi wako mamba na viboko ambao hawana heshima kwa watumishi wa serikali. Nilikuwa nimekumbuka jambo moja la maana: ziwa letu liko mita 770 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, na majedwali ya kuzamia yaliyoandikwa kwa ajili ya bahari hayafai bila kusahihishwa. Hilo nilikuwa nimelisahihisha kwa kalamu, kama mwalimu wa hesabu. Nililolisahau ni risasi. Maji ya chumvi humbeba mtu kuliko maji baridi, na kwa mtu wa kimo changu pamoja na mitungi yake tofauti hufika karibu kilo 3. Tena siku hiyo nilivaa shati jembamba la kuzamia badala ya lile vazi nene, nalo vazi nene peke yake lilikuwa likinielesha sana. Basi nilishuka na risasi ya bahari, nikiwa na kiwiliwili cha ziwa.

Nilizama kama jiwe. Nikatia hewa mfukoni, miguu ikatangulia chini, mapezi yangu yakapiga mteremko, na vumbi laini lililolala juu ya mawe likainuka mpaka sikuuona hata mkono wangu. Kwa kuwa nilikuwa mwembamba kuliko siku ya mafundo, kamba ya mpira ya kushoto ilikuwa imelegea. Ikaponyoka shingoni mwa mtungi. Mtungi ukaning'inia kwenye kikulabu cha chini tu, ukavuta lile bomba fupi, na kipumulio kikatoka kinywani. Ule mkufu wa mpira ukanikaba koo.

Nasema kweli, wasomaji, sikumkumbuka mwalimu wala masomo yake. Nilimkumbuka mtoto wangu mdogo, ambaye asubuhi ile nilimwahidi ndizi. Lakini mkono wangu wa kulia ulikumbuka wenyewe. Ulikwenda begani, ukafungua kipumulio cha bomba refu, ukakitia kinywani. Kina kilikuwa mita 14. Mwenzangu alinipata kwa kupapasa, akaushika ule mtungi mtukutu, tukapanda polepole.

Nyumbani sikusema kitu. Nilikula, nikasifu mchuzi, nikajifanya nimechoka. Lakini mke wangu ni mshonaji, na mshonaji hutazama shingo za watu kutwa kucha. Aliona alama nyekundu.

"Baba watoto, hiyo kola ya nani imekukaba?"

Nikamweleza. Alinyamaza muda mrefu, mpaka nikaona heri angegomba. Kisha akasema nilete lile gunia. Nilidhani atalitupa. Akalimwaga vazi juu ya meza, akalipindua, akalitazama mishono, akaniambia nisimame, nivue shati. Akachukua utepe wake wa kupimia, akanipima kama anavyowapima wateja wake.

"Nguo hii imekatiwa mtu mwenye mabega sawa," alisema. "Wewe tangu uumie mgongo bega lako la kushoto limeshuka. Nilikwisha liona katika kanzu ya Idi, nikakushonea hivyo hivyo. Hawa hawakuliona?"

Hawakuliona, wala mimi mwenyewe sikuwa nikilijua. Bega likishuka, kamba ya upande huo hupata ulegevu ambao fundo la kulia halina, na ndiyo maana mtungi ulioponyoka ulikuwa wa kushoto. Jioni hiyo tulilifungua fundo la bingwa. Kamba ya kushoto tuliipunguza kwa sentimita 4 na ya kulia kwa 2, mimi nikiwa nimevaa shati lile lile nitakalozamia. Alikata mpira wa ndani wa baiskeli kuukuu kuwa vipete vya kuzuia pete za mabegani zisiteleze, na vingine vipana vya kubania mabomba mitungini yasizagae. Risasi alizishonea vifuko vidogo juu ya ukanda wa mgongoni, vinavyoweza kusogezwa juu au chini. Nilipomwambia kwamba miguu yangu huzama, yeye ndiye aliyeuliza kwa nini basi nisisogeze uzito kuelekea shingoni. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa katika daftari langu la Unguja, nami nilikuwa nimelipigia mstari.

Jumamosi iliyofuata hatukwenda kwenye kina. Tulitafuta mahali penye mchanga, maji ya mita 2, nikalala majini bila kupiga pezi, nikangoja kuona kiungo gani kitashuka kwanza. Nilitoa risasi kipande kimoja kimoja mpaka zikabaki kilo 2, nikapandisha vifuko mara tatu. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima, na wavuvi waliokuwa wakipita walitucheka sana. Tuligundua pia kuwa mitungi ya aluminiamu ikikaribia kwisha huinua makalio. Hewa iliyomo ina uzito wa kilo 2 na nusu hivi, na ikishavutwa mtungi hutaka kuelea. Basi sasa, saa isomapo baa 100, mimi huhamisha vikulabu kutoka pete za nyuma ya kiuno na kuvifunga katika zile za mbele, na mitungi hulala tena sambamba na mbavu.

Nimekwisha kuzama mara nyingi tangu siku ile, na mgongo haujanilalamikia. Mke wangu hakunikataza. Sharti lake ni moja: kila nikinenepa au nikikonda, na kila nibadilishapo vazi, nipite kwanza mbele ya utepe. Katika daftari lake la vipimo, kati ya gauni la arusi la binti wa jirani na sare za wanafunzi, uko ukurasa wenye jina langu. Umeandikwa kwa kalamu ya risasi ili uweze kufutwa: kifua, kiuno, kwapa hadi nyonga, na chini yake, umepigiwa mistari miwili, bega la kushoto, pungufu sentimita 2.